Sauti Mbili Kileleni

Zuleha ni binti wa mama yangu mdogo. Haya alinisimulia mwenyewe, tumekaa mkekani nyumbani kwake Kondoa, wiki moja baada ya tukio.

Jumamosi hiyo yeye na mumewe, Rahimu, walimwacha mtoto wao Asma kwa bibi yake, wakapanda ule mlima wa nyasi ambao wageni huenda kupiga picha. Kileleni hakuna mti wala jiwe kubwa. Ni nyasi tu zinazofika kiunoni, na upepo. Walikula chapati, wakanywa chai. Saa saba mchana Rahimu akainuka.

"Nakwenda pale mbele nipate picha ya mji."

Hakufika hatua ishirini. Zuleha aliinama kufunga chupa ya chai. Alipoinua macho, hakumwona.

"Baba Asma?"

Akasimama, akageuka huku na huku. Kisha, upande wa kushoto, sauti ya mumewe ikaita: "Zuleha."

Tangu wapate mtoto, Rahimu hakuwahi kumwita kwa jina hilo. Akasita. Ndipo aliposikia mnong'ono chini ya miguu yake, kwenye mizizi ya nyasi. Sauti ileile.

"Mama Asma, usiitike. Mimi niko huku."

Alipiga magoti, akafukua. Alifukua mpaka kucha zikatoka damu. Udongo ulikuwa mkavu, mgumu, kama haujawahi kuguswa na jembe. Huku nyuma ile sauti nyingine inaita, inakaribia. Zuleha. Zuleha. Nyasi zikawa zinalala, hatua kwa hatua, kumfuata. Mtu haonekani.

"Usiitike," mnong'ono ulimsihi, umefifia. "Ukiitika, hawaniachii tena."

Akaanza kusoma Ayatul Kursiy, aya ya kujikinga. Ulimi ukagoma katikati. Hatua zikasimama mgongoni pake. Pumzi ikamgusa sikio.

"Mama Asma," ikasema sasa, kwa upole, kama Rahimu anavyomwamsha alfajiri.

"Abee," akaitika.

Chini pakanyamaza.

Watu walimtafuta Rahimu siku tatu. Siku ya tatu Mzee Rajabu, anayeongoza wageni mlimani, alikuta nyasi zimelala kwa umbo la mwanamume, na ubavuni mwake umbo jingine, dogo kidogo, la mwanamke. Aliweka kiganja. La kwanza lilikuwa baridi. La pili lilikuwa bado na joto.

Siku zote hizo, tangu alipoteremka mlimani peke yake Jumamosi ile, Zuleha alikuwa kitandani, anauguzwa na mama yangu.