Wiki Kumi na Moja za Asnath

"Swali la mwisho, Asnath," alisema Dokta Mbilinyi, mkuu wa jopo. "Mashine yenu ikikosea, nani awajibike?"

Asnath alisukuma miwani, akacheka kile kicheko chake cha puani. "Dokta nawe! Si aliyeiwasha?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Siku ya utetezi wa miradi ya mwaka wa mwisho, Chuo cha Mashine Hai hufurika kama harusini: wazazi, majirani, mashangazi, hata wasiojua mradi ni mdudu gani.

Zamda Kitosi, kiongozi wa kikundi, alisimama. Jopo likiwakataa, wote watatu wanarudia mwaka. Akabonyeza kitufe, na Asnath akazimika kama taa. Kitini kikabaki kidude cha kioo, ukubwa wa kisosi.

"Waheshimiwa, mliyekuwa mkimhoji ni Kijazio," alisema Zamda. "Ni mashine ya sura-mwanga. Inajifunza sauti, mwandiko na tabia za mtu, kisha inamkalia nafasi yake asipokuwepo. Hii imeingia darasani, imesaini mahudhurio, imepiga soga bwenini. Wiki kumi na moja! Hakuna aliyeshtuka."

Makofi yalitikisa mabati. "Tumetoboa, dada," alinong'ona Festo, mwenzake.

Wazo lenyewe lilitokana na kusainiana. Chuoni hapo kumsainia mwenzako aliyelala si kosa, ni utu. Kwa hiyo Asnath, mwenzao wa tatu, alipowaambia, "Nijazieni siku mbili tu, namwona daktari, mama asijue, ana presha," hawakuuliza mara mbili. Simu aliondoka nayo, lakini laini yake waliiunganisha pia na Kijazio, kiwajibu wanaomtafuta. Wakakipa agizo moja: asiwepo mtu wa kuwa na wasiwasi. Siku mbili zilipopita, ujumbe ukaingia kutoka laini hiyo: *Niko kwa mama napumzika, endeleeni kunijazia.* Wakaendelea.

Makofi yalipotulia, mama mmoja alikuwa bado amesimama safu ya tatu, amekumbatia hotpoti.

"Hongereni, wanangu," alisema Mama Asnath. "Sasa mwenyewe yuko wapi? Nimemletea wali."

Festo alicheka. "Si yuko kwako, mama?"

"Kwangu? We kijana, usinitanie. Kila jioni ananipigia, ananiambia yuko hapa bwenini na nyie."

Zamda alibonyeza kitufe tena. Asnath akarudi kitini, miwani puani.

"Shikamoo, mama," alisema.

Midomo ya mama ilicheza kuitikia, kisha ikakataa.

"Kijazio," Zamda aliuliza, "wewe na Asnath mwenyewe mliongea lini mara ya mwisho?"

"Siku ya tatu. Simu yake iliisha chaji. Aliazima ya muuguzi akapiga namba yake mwenyewe, ndiyo pekee aliyokuwa nayo kichwani. Nikapokea mimi. Alikuwa analia. Alisema amezidiwa, niwaite nyinyi na mama."

"Ukamjibu nini?"

Asnath wa mwanga alitabasamu, kwa upole uleule waliouzoea.

"Nilimtoa wasiwasi. Nilimwambia atulie tu, hakuna atakayegundua kwamba hayupo."