Shikilia, Nakuja

Jumamosi ile ilianza kama Jumamosi zetu zote. Mvua nyepesi, chai, redio ikisoma habari kwa sauti ya chini, na mke wangu akiuliza kutoka jikoni kabla hata sijavaa ovaroli:

"Mke mwenzangu ameamkaje?"

Mke mwenza huyo lilikuwa gari. Lilitengenezwa miaka miwili kabla ya mimi kuzaliwa. Juu rangi ya maziwa, chini kijani, taa za duara, viti vya ngozi vilivyopasuka ambavyo mke wangu alivishona mwenyewe kwa sindano ya magunia. Nililinunua mwaka wa pili wa ndoa yetu, kwa mzee mmoja aliyekuwa akifugia kuku ndani yake. Siku nilipolileta nyumbani likiburutwa na lori, mke wangu alilia. Baada ya mwezi nilimkuta amekaa kwenye usukani, anasoma gazeti, na kuku wa mwisho aliyegoma kuhama amelala kiti cha nyuma.

Tulikaa nalo miaka thelathini na moja. Liliwabeba maharusi kumi na wanne, na kati yao watatu liliwafikisha wakiwa wamechelewa. Lilichemka kwenye kila mlima. Lilizimika kwenye mizunguko ya barabara, tukashuka wote wawili na kulisukuma huku madereva wa nyuma wakitutukania wazazi. Wazee wasiotujua walitusimamisha sokoni ili waguse tu boneti, na mmoja wao alilia. Kwenye buti tulibeba dumu la maji na mito miwili ya kukalia kando ya barabara. Sehemu kubwa ya maongezi yetu ya ndoa tuliifanyia kwenye mito ile.

Fundi wetu tulimwita Kipara, na alikuwa na nywele nyingi kuliko sisi sote.

"Mama," alimwambia mke wangu siku moja akiwa chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana, "mzee angeoa mke wa pili kweli, ungepumzika."

"Mke wa pili angezeeka, Kipara. Huyu kazeeka tayari, ananisaidia nini? Tena ananuna."

Kununa kulikuwa kweli. Asubuhi ya baridi au ya mvua injini ilihitaji watu wawili. Mmoja alikaa ndani, mguu kwenye pedali ya mafuta. Mwingine alisimama mbele, boneti wazi, akirekebisha kabureta kwa bisibisi na kusikiliza. Mguu ukilegea kabla injini haijapata moto, ilizima, plagi zikalowa, na siku ikaishia hapo. Kwa hiyo tulikuwa na maneno yetu. Mimi nilisema "kanyaga", kisha "shikilia". Nikimaliza niliinua mkono juu, aone kupitia kioo, nikasema "achia". Hakuachia hata mara moja kabla ya hapo. Alikuwa na sikio kali kuliko mimi, angeweza kujua mwenyewe injini iko tayari, lakini alisubiri mkono. Alisema gari haliwezi kuwa na makapteni wawili.

Jumamosi ile nilikuwa nimepiga rangi mlango wa kushoto usiku uliotangulia. Rangi haikuwa imekauka vizuri, na mvua ilikuwa ikirushwa na upepo hadi ndani ya banda. Nikafunga mlango wa banda. Bomba la moshi lilikuwa na ufa chini ya sakafu ya dereva. Nilikuwa nimeufunga kwa bati na waya, nikajiambia utavumilia mpaka Kipara apate nafasi. Mke wangu akakaa kwenye usukani, injini ikawaka. Bisibisi ndogo haikuwepo kwenye boksi.

"Shikilia," nilimwambia. "Nakuja."

Bisibisi ilikuwa mezani sebuleni. Nilipoishika, simu ikaita. Kwa miaka minne nilikuwa natafuta kofia ya gurudumu la nyuma, ile ya nikeli yenye nembo, na mtu niliyempa namba yangu miaka hiyo alikuwa ameipata. Aliniuliza vipimo. Nikamweleza. Akaniuliza historia ya gari. Nani asiyependa kuulizwa? Muda wote ule nilisikia injini kutoka bandani, ikinguruma sawasawa, bila kukwama, na nakumbuka nilifurahi. Nilimwambia yule mtu, "Unaisikia hiyo? Huyo ni mke wangu."

Dakika ishirini na sita.

Nilipofungua mlango wa banda, injini ilikuwa bado inanguruma. Yeye alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo cha dirisha, kama abiria wa safari ndefu. Mguu wake ulikuwa kwenye pedali.

Daktari alisema ni moshi, ule usio na harufu, na kwamba hakusikia maumivu, alisinzia tu. Alisema pia kuwa ndiyo maana midomo na kucha zake zilikuwa na wekundu ule, kama wa mtoto aliyetoka kuogeshwa kwa maji ya moto. Watu wote waliponiuliza, niliwaambia nilikuwa natafuta bisibisi.

*

Siku ya tisa baada ya mazishi, saa moja na dakika kumi asubuhi, nilikuwa nakunywa chai nikasikia injini.

Nilidhani ni gari la jirani. Lakini mtu hawezi kukosea mngurumo alioulea miaka thelathini na moja. Nilitoka. Nilipogusa kitasa cha banda, sauti ikakatika. Ndani palikuwa kimya. Niliweka kiganja kwenye boneti, ilikuwa baridi kama jiwe. Nikafungua mlango wa dereva.

Pedali ya mafuta ilikuwa chini. Imegusa sakafu.

Niliinama nikajaribu kuiinua kwa vidole. Haikuwa imekwama. Chuma kilichokwama nakijua. Hii ilikaza kidogo tu, halafu ikalegea, halafu ikakaza tena, kama mguu wa mtu unapoushika bila kumwambia.

Kipara alikuja mchana. Aliangalia springi, ilikuwa nzima. Aliangalia waya, ulikuwa mzima. Akatoa betri, akakausha tangi la petroli mpaka tone la mwisho, asiseme kwa nini, nami nisiulize. Mwisho aliingia akaketi kwenye kiti cha dereva ili akanyage mwenyewe. Hakukaa hata sekunde tano. Alitoka akasimama karibu nami, karibu kuliko kawaida yake.

"Mzee," alinong'ona. "Kiti kina joto."

Aliondoka bila kuchukua boksi lake la spana.

Kesho yake saa moja na dakika kumi injini ilinguruma tena. Bila betri. Bila petroli. Safari hii sikwenda mbio. Nilifungua mlango taratibu, sauti ikakatika kama jana yake, nikazunguka upande wa abiria, nikaingia, nikafunga. Kiti cha dereva kilikuwa tupu. Sponji yake ilikuwa imebonyea.

"Habari za asubuhi," nikasema.

Mngurumo ulirudi, chinichini, ukanitetemesha nyayo.

Tangu siku hiyo nilikwenda kila asubuhi. Nitasema ukweli: nilikuwa na raha. Nilimweleza nani kapiga simu, nani kaleta nini, bili ipi ya maji imekosewa. Nilimweleza kuwa ile kofia ya gurudumu nimeikataa. Saa nzima ilikuwa inapita. Nilitoka kichwa kinaniuma, nikalala mpaka adhuhuri. Baadaye saa moja ikawa mbili. Nilijua yule mguu unangoja nini. Nilikuwa na neno lenyewe mdomoni kila siku, na kila siku nilitoka nalo.

Binti yetu ni muuguzi. Alikuwa amehamia kwangu kwa likizo yake ya mwezi ili, kwa maneno yake, anifundishe kupika yai. Asubuhi moja aliniwekea kikombe mezani, akanishika mkono, akaugeuza dirishani kwenye mwanga.

"Baba. Kucha zako."

Nikazitazama. Zilikuwa na wekundu. Wekundu ule.

Alinivuta kope ya chini, akanitazama midomo. Uso wake ulikuwa wa kazini kwanza, halafu ukawa wa mtoto wangu.

"Gari halina mafuta," alisema. "Halina betri. Kipara kaniambia. Moshi huu unauvuta wapi?"

"Sijui, mama."

"Unajua."

Akaketi. Akashusha sauti, ingawa nyumba nzima tulikuwa wawili.

"Mama yuko mle?"

"Anashikilia," nikasema. "Nilimwambia ashikilie."

Kisha nikamwambia lile la simu. Sikuwa nimepanga kulisema. Lilitoka lote: kofia ya nikeli, vipimo, yule mtu, jinsi nilivyojisifu. Alisikiliza akiangalia meza.

"Dakika ngapi?"

"Ishirini na sita."

Alichukua kikombe changu ambacho sikuwa nimekigusa, akaenda kukiosha. Alikiosha muda mrefu. Aliporudi alisimama mlangoni, mikono inachuruzika maji.

"Sitakuambia nimekusamehe, Baba, kwa sababu sijui bado. Lakini mimi nimezika mmoja. Unanitaka nizike wa pili kabla sijamaliza kumlilia wa kwanza?" Alijifuta pua kwa mkono. "Na yeye je? Ulisema unakuja. Anachoka, Baba. Mguu unamuuma."

Hilo la mguu ndilo lililonivunja. Mke wangu alikuwa na goti baya mguu wa kulia. Sikuwa nimelifikiria hata siku moja.

*

Kesho yake tulikwenda pamoja. Mvua ilikuwa imekata. Tulifungua mlango wa banda wote, pande mbili, nuru ikaingia mpaka ukutani. Binti yangu alibaki kizingitini, kitambaa mdomoni.

Mngurumo haukukatika.

Niliingia upande wa abiria kama kawaida yangu. Kiti cha dereva kimebonyea. Pedali iko chini. Nikasema, "Achia."

Haikutokea kitu.

"Achia, mke wangu. Nimerudi."

Pedali haikusogea. Mngurumo ulipanda kidogo. Kichwa kikawa chepesi. Nilielewa. Hajawahi kuachia mimi nikiwa nimeketi pembeni yake. Tangu lini? Kazi yangu ilikuwa kule mbele. Alikuwa akisubiri mkono.

Kuondoka kwenye kiti kile kulikuwa kugumu kuliko kutoka makaburini.

Nilishuka. Nikazunguka mbele. Nikainua boneti, nikaiegemeza kwenye fimbo yake. Injini ilikuwa imesimama. Feni imesimama. Mkanda umesimama. Na bado ilinguruma. Niliweka mkono wa kushoto kwenye kabureta, kama siku zote. Chuma kilikuwa baridi. Kupitia upenyo kati ya boneti na kioo niliona sehemu ndogo ya ndani: nusu ya usukani, na juu yake ngozi ya kiti.

Nilitaka kumweleza mengi. Nikaona bado anasubiri.

Nikainua mkono wa kulia juu.

"Achia."

Pedali ilipanda. Niliisikia, springi yake ina mlio. Ilipanda polepole, kama mtu anayeondoa mguu uliokufa ganzi. Mngurumo ukashuka, ukashuka, ukawa pumzi. Ukakoma.

Nyuma yangu binti alitoa sauti fupi. Nilimgeukia. Alikuwa anatazama kiti cha dereva.

"Kimeinuka," alinong'ona. "Baba. Sponji imeinuka."

Tulikaa chini, kwenye sakafu ya saruji, tukalia mpaka jua likafika miguuni petu.

*

Likizo yake ilipoisha alirudi kazini. Ananipigia simu jioni, ananiuliza nimekula nini. Kucha zangu zimerudi rangi yake. Saa moja na dakika kumi nakunywa chai, na sisikii kitu, na kimya kile nacho nimekizoea kwa shida.

Kipara alikuja kuchukua boksi lake. Nilimwomba alipumzishe gari. Aliliinua kwa jeki, akaliweka juu ya mawe, akatoa magurudumu yote manne na kuyaegemeza ukutani. Alitoa hata waya wa mita ya maili pale gia boksi, usije ukaota kutu. Mimi ni mpima ardhi kwa taaluma; sipumzishi kitu bila kuandika kilipofikia. Niliandika namba ya mita kwenye kadi, nikaibandika kwenye kioo: 61,204. Nikafunga banda kwa kufuli. Ufunguo ni mmoja, ninao mimi.

Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita. Leo asubuhi niliingia kufuta vumbi.

Magurudumu yako ukutani. Buibui amefuma utando kutoka moja hadi jingine. Mawe hayajasogea. Sakafuni hamna alama. Niliinama dirishani nikasoma mita, nikasoma kadi, nikasoma mita tena.

61,212.

Kutoka mlango wa banda hadi makaburini alikolala mke wangu ni maili nne. Nimeipima mwenyewe, kwa mita hiyohiyo. Zingekuwa zimeongezeka nne, ningekaa chini nikamshukuru Mungu. Lakini zimeongezeka nane. Nne za kwenda, na nne za kurudi.

Binti yangu amepiga simu jioni hii. Ameniuliza nimekula nini. Nimemwambia yai.