Siku Binti Alipopuliza Filimbi Runingani

Mshonaji aliweka cherehani yake sebuleni, karibu na dirisha. Kwa miaka mingi chumba kile kilikuwa chake peke yake mpaka jioni. Kisha mumewe akavunjika mguu.

Mumewe alikuwa mpaka rangi. Aliteleza kwenye ngazi akiwa kazini, akarudi nyumbani na plasta hadi gotini. Mtu aliyezoea kushinda juu ya kuta sasa alishinda kwenye kochi, na kila kitu kilimkera. Mara chai imepoa, mara redio inakwaruza, mara cherehani ina makelele. Mshonaji alimsikiliza kwa sikio moja na kuendelea kushona.

Jumatano asubuhi binti yao alipiga simu. Huyu binti alikuwa mwamuzi wa mpira wa miguu. Kwa miaka sita alikuwa amechezesha mechi za shule na za timu ndogo, kwenye viwanja vyenye mashimo. Sasa alikuwa amepangiwa mechi ya ligi kuu, Jumamosi saa kumi jioni. Alisema chaneli ya umma ingeionyesha moja kwa moja, bure. Antena yao ilikuwa imeng'olewa na upepo, lakini wangeweza kuitazama kwa intaneti.

Mshonaji alipokata simu, alimtazama mumewe kwa pembe ya jicho. Zamani, binti alipochagua kazi hiyo, baba alisema wazi kwamba hakumlea mtoto ili akatukanwe na uwanja mzima. Tangu hapo walisalimiana vizuri, wakala pamoja na kucheka, lakini habari za filimbi hazikuguswa. Sasa mpaka rangi aliweka kikombe chini.

"Umesema saa kumi?" aliuliza.

"Saa kumi."

"Basi tutafute namna."

Runinga yao ilikuwa ya kisasa, ya kuunganishwa na intaneti, ila hawakuwahi kuiunganisha. Intaneti walikuwa nayo, kwa sababu mshonaji hupokea oda za nguo kwa simu.

Alhamisi mpaka rangi aliamua kujifanyia mwenyewe. Rafiki yake wa kazini alikuwa amemtumia ujumbe wenye kiungo: chaneli mia tano, bure, maisha yote. Akakibonyeza. Simu ikaomba ruhusa ya kuweka programu isiyojulikana, naye akakubali. Kisha programu ile ikamtaka aandike namba ya kadi ya benki, eti kwa uhakiki tu. Akamwita mkewe amletee kadi kutoka kwenye droo.

Mshonaji aliichukua kadi, akasoma maneno yale kwenye simu, akasita. Kama kitu ni cha bure, kadi ya nini? Akamwambia mumewe asubiri kwanza. Mumewe alinuna, lakini hakuwa na mguu wa kusimama na kumfuata mlangoni.

Nyumba ya pili aliishi mkutubi, mwanamke anayefundisha watu kompyuta pale maktaba. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini. Akaja na kandambili zake, akaketi kando ya kochi.

"Shemeji, umeshaandika namba ya kadi?"

"Bado."

"Basi umepona."

Aliifuta ile programu, akamwambia abadilishe maneno yake ya siri. Kisha akawaeleza taratibu. Chaneli halali ya bure huwa na programu yake yenyewe. Hiyo hutafutwa kwenye duka la programu lililomo ndani ya runinga, si kwenye ujumbe wa mtu. Huenda ikakuomba barua pepe ili ujisajili. Lakini chaneli ya bure ikidai namba ya kadi au namba ya siri ya benki, funga, achana nayo.

Mpaka rangi alijitetea. Alisema aliyemtumia ni rafiki yake kabisa. Mkutubi akamjibu kwamba rafiki naye alitumiwa, na aliyemtumia naye alitumiwa. Hakuna hata mmoja aliyejua kilikotoka.

Kisha mkutubi akampa mshonaji rimoti. "Shika wewe, dada. Jumamosi mimi niko kazini."

Mshonaji alifungua mipangilio, akatafuta mtandao, akachagua jina la intaneti ya nyumbani. Neno la siri lilikuwa limebandikwa chini ya rauta, yaani kile kisanduku chenye taa ndogo kinacholeta intaneti. Runinga ilimkatalia mara tatu. Mara ya nne akagundua kwamba herufi moja ni kubwa, naye alikuwa akiiandika ndogo. Ikakubali.

Wakaipata programu ya chaneli, lakini ikagoma kufunguka. Mkutubi alimwonyesha saa ya runinga. Ilikuwa nyuma kwa miaka miwili. Alieleza kwamba tarehe ikiwa si sahihi, programu nyingi hukataa. Mshonaji akairekebisha, na mtangazaji wa hali ya hewa akatokea. Baada ya dakika moja mtangazaji huyo akaganda, mdomo wazi.

Mkutubi aliuliza rauta iko wapi. Ilikuwa chumbani, sakafuni, nyuma ya kabati la chuma. Alicheka. "Mmeifungia jela."

Waliihamishia sebuleni, juu ya rafu iliyo wazi, na picha ikatulia. Kabla ya kuondoka, mkutubi aliwakumbusha jambo moja. Chaneli ni ya bure, lakini intaneti si ya bure, na video hula intaneti nyingi. Wahakikishe kifurushi kinatosha, na wapunguze ubora wa picha kama ni kidogo.

Jumamosi waliwasha runinga saa tisa na nusu. Binti alitoka mbele ya timu zote mbili, mpira mkononi, mgongo wima. Mpaka rangi alisogea mbele hadi plasta ikagonga meza.

Dakika ya ishirini picha iliganda. Binti alibaki hewani, mkono juu, na duara dogo likawa linazunguka usoni pake. Mpaka rangi akaanza kubonyeza kila kitufe. Mshonaji alimnyang'anya rimoti, akajilazimisha kufikiri. Je, tatizo ni la chaneli au la nyumbani? Alijaribu intaneti kwenye simu yake. Nayo ilikuwa inakwamakwama. Basi ni la nyumbani. Tena aliona simu ileile inapakua picha za mishono, kumi kwa mpigo, kutoka kwa mteja. Akazisimamisha. Akachomoa waya wa umeme wa rauta, akahesabu mpaka sitini, akauchomeka tena na kusubiri taa zitulie.

Picha ikarudi. Walikuwa wamekosa dakika nne, na hakuna bao lililofungwa.

Kipindi cha pili mchezaji alianguka ndani ya kumi na nane. Filimbi ikalia. Binti alinyoosha mkono: penalti. Uwanja ukalipuka kwa kelele, maana timu iliyoadhibiwa ndiyo iliyokuwa nyumbani. Tena ndiyo timu ambayo mpaka rangi aliishangilia tangu ujana wake. Wachezaji walimzunguka binti, vidole usoni. Hakurudi nyuma hata hatua moja.

Marudio yalionyeshwa polepole. Mpaka rangi aliyatazama, shingo imenyooka.

"Amemkata mguu," alisema. "Nyamazeni, mtoto ameona."

Timu yake ilifungwa bao moja kwa bila. Binti alipopiga simu jioni, baba ndiye aliyeomba simu. Waliongea mpaka chakula kikapoa. Mshonaji alimsikia akiuliza kama wale wachezaji walimtukana, kisha akiuliza mechi nyingine ni lini.

Wiki mbili baadaye binti alipangiwa mechi nyingine. Sebule ilijaa majirani, na yule rafiki wa kazini alikuwepo pia. Mpaka rangi alikuwa amemfutia kile kiungo kwenye simu yake, akamweleza kwa nini. Mshonaji aliwaomba waliounganisha simu zao kwenye intaneti wazizime mpaka mechi iishe. Kisha akawasha runinga, na timu mbili zikatoka nyuma ya binti yake.