Neno la Siri la Tangi la Maziwa

Kila siku saa kumi alasiri, Kidoti alikuwa kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, bado amevaa sare ya shule. Waliompa jina hilo walilitoa kwenye alama nyeusi iliyokuwa shavuni mwake. Kazi yake ilikuwa kuosha vitambaa vya kuchujia. Baba yake, msimamizi wa kituo, alikuwa na kazi ngumu zaidi. Alichota maziwa kidogo kutoka kila ndoo, akayanusa, akayachanganya na spiriti kwenye kikombe cha kioo, akakitikisa. Yakifanya chembechembe, ishara kwamba yameanza kuharibika, yalirudi nyumbani na mwenyewe. Baba hakumpendelea mtu. Hata shemeji yake aliwahi kurudishwa na ndoo yake mbele za watu.

Aliyefika mwisho siku zote alikuwa ajuza mwenye ng'ombe mmoja. Watu walimwita Bibi Lita Mbili.

"Bibi, leo umetuletea mto mzima!" Baba alimtania.

"Pima wewe, acha maneno," bibi alijibu. "Usije ukasema nimetia maji."

Maziwa yaliyofaulu yalimiminwa kwenye tangi kubwa la kupozea, yakae kwa nyuzi nne za joto mpaka gari la kiwanda lije asubuhi. Mwaka huo ushirika ulifunga kwenye tangi hilo kisanduku kipya kilichounganishwa na intaneti. Baba aliweza kutazama joto la tangi kwenye simu akiwa nyumbani, na hata kulibadilisha. Fundi aliyekifunga, mama mmoja mwenye miwani minene, alimwonya.

"Neno la siri ambalo kisanduku hiki kimetoka nalo kiwandani ni sifuri nne. Vyote vya aina hii vimetoka nalo hilohilo, kwa hiyo dunia nzima inalijua. Libadilishe leo leo."

Vidole vya Baba vilikuwa vizito kwenye simu. Alimpa Kidoti. "Wewe ndiye msomi wa nyumba hii, mwanangu. Badilisha, kisha uniambie ukimaliza."

Nje wenzake walikuwa wanaruka kamba. Kidoti aliitazama simu, akaona hatua ni nyingi. Nitabadilisha kesho, alijisemea. Akamrudishia Baba simu.

"Tayari, Baba."

Kesho hiyo haikufika.

Shuleni Kidoti alikuwa na rafiki aliyeitwa Kasuku, kwa kuwa mdomo wake haukuwa na breki. Jumamosi moja Kasuku alikuja na simu ya kaka yake, akajisifia michezo iliyokuwemo.

"Hiyo ni michezo ya watoto," Kidoti alimwambia. "Mimi nina tangi la lita elfu moja linalonitii."

"Mwongo!"

Kidoti hakutaka kuitwa mwongo. Akaweka programu ya tangi kwenye simu ile, akaandika namba ya kisanduku, kisha sifuri nne. Ikafunguka. Akapandisha joto kutoka nne hadi tano, akalirudisha nne. Kasuku alishika mdomo.

"Usimwambie mtu," Kidoti alisema.

"Mimi? Nikisema, ulimi unikatike!"

Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Kidoti alipita kituoni. Watu walikuwa wamejaa mlangoni na harufu ya uchachu ilifika hadi barabarani. Kisanduku kilionyesha nyuzi thelathini. Maziwa yote ya jana yalikuwa yameganda vipandevipande. Dereva wa gari la kiwanda alitikisa kichwa, akageuza gari, akaenda zake.

"Niliweka nne," Baba alisema. "Wallahi, kabla ya kufunga mlango niliangalia, ilikuwa nne."

"Sasa nani amegusa? Panya?" aliuliza mwenyekiti wa ushirika. "Ufunguo unao wewe. Simu unayo wewe."

Baba alifungua bomba la chini la tangi kwa mkono wake mwenyewe, na maziwa ya kaya sitini yakatiririka mtaroni, meupe, mazito, yakisitasita kana kwamba hayataki kwenda. Wafugaji waliyatazama kama watu walioko mazikoni. Bibi Lita Mbili alisogea mbele.

"Mimi sikuiamini hiyo mashine," alisema. "Nilikuamini wewe."

Mwenyekiti akanyoosha mkono, na Baba akampa funguo.

Kidoti alijua. Alimkuta Kasuku nyuma ya darasa, akilia kabla hata hajaulizwa. Binamu zake walikuwa wamekuja Jumapili jioni; aliwaonyesha, wakashindana nani atapandisha namba juu zaidi. Halafu wakaitwa kula, wakasahau.

"Tukinyamaza, nani atajua?" Kasuku alisema huku akijifuta kamasi.

Wakanyamaza. Kituo kilifungwa juma zima. Baba alikaa uani kwenye kigoda, mikono magotini, kama mgeni katika nyumba yake. Mama alimwekea chakula. Nzi wakakila kuliko yeye. Jioni ya siku ya sita Kidoti alimsikia akizungumza na Mama kwa sauti ya chini.

"Mke wangu, labda akili yangu imeanza kuniacha. Marehemu mzee wangu ilimwanza hivihivi. Labda niliweka thelathini nikaona nne. Wasinirudishie funguo. Nitakuja kuua watoto wa watu kwa maziwa mabovu."

Kidoti angevumilia kuona Baba anasingiziwa. Hakuweza kuvumilia kumwona akijisingizia mwenyewe. Akatoka ndani kwenda uani, akapiga magoti mbele ya kigoda.

"Baba, akili yako ni nzima. Ni mimi. Sikubadilisha lile neno. Nilikudanganya. Halafu nikamwonyesha Kasuku."

Akasema yote. Baba hakupaza sauti wala hakumgusa. Machozi yalimteremka polepole. Kidoti alikuwa hajawahi kumwona akilia, na angependelea viboko kumi kuliko machozi yale.

"Kesho," hatimaye Baba alisema, "utayasema haya mbele ya wote. Nitasimama nawe."

Kesho yake wanachama walikusanyika kituoni. Kidoti alisema yote. Kasuku alisema pia, mama yake akimshika bega. Fundi mwenye miwani alifungua kumbukumbu za kisanduku, akasoma: amri ya mwisho iliingia Jumapili jioni, kutoka simu ambayo si ya msimamizi.

Mwenyekiti alimwomba Baba radhi, akamnyooshea funguo. Baba hakuzipokea mara moja.

"Nami nina kosa," alisema. "Kazi niliagizwa mimi. Nilimwachia mtoto, na sikukagua."

Fundi akaketi naye mpaka Baba akaweka neno jipya la siri kwa vidole vyake mwenyewe. Akarekebisha kisanduku pia: tokea hapo simu ingeonyesha joto tu. Kulibadilisha, sharti mtu asimame mbele ya tangi na ufunguo.

"Kila kifaa unachokiunga na intaneti umekitoboa mlango," aliwaambia. "Mlango usio na komeo hauchagui anayeingia, mwizi au mtoto mwenye mchezo. Na mimi nilipaswa kuuziba huu siku ile ile ya kwanza."

Alasiri hiyo ndoo zilianza kuja tena. Bibi Lita Mbili hakuja. Baba na Kidoti wakamfuata kwake. Walimkuta ameketi kizingitini. Zizi lilikuwa limefagiliwa; kamba imening'inia, haina kitu.

"Nimemuuza," bibi alisema. "Ng'ombe anakula kila siku, na maziwa hayana pa kwenda. Mchuuzi alipita juzi, akamchukua. Sasa yuko mbali."

Kidoti akapiga magoti, akaeleza tena, safari hii akilia waziwazi. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka mkono kichwani pake.

"Nimekusamehe, mjukuu wangu. Moyoni kabisa. Lakini msamaha haumrudishi ng'ombe zizini."

Njiani Kidoti aliuliza, "Baba, nifanye nini sasa?"

"Kila siku ukitoka shule utamchotea bibi maji, bila kukumbushwa," Baba alisema. "Na ujue hili, mwanangu. Ukimwambia mtu kazi imekwisha, yeye hulala usingizi juu ya neno lako. Usimlaze mtu juu ya uongo, hata uwe mdogo kama sifuri. Ukweli wako umenirudishia kazi na akili yangu. Ungekuja Jumatatu, ungemwokolea bibi ng'ombe wake."

Kidoti alimshika Baba mkono, wakaenda hadi nyumbani.