Panya Wazee Hawakuonyeshwa

"Mzigo umetoka. Hiace nyeupe, barabara ya uwanja wa ndege. Usifyatue risasi. Kuna roho thelathini ndani."

Sauti ya mkuu wake ilikatika kwenye kifaa cha sikioni.

Nyigu, kama idara ilivyomwita kachero huyu, aliongeza moto. Yamaha ikanguruma. Agizo lile lilimkera kuliko vumbi lililomjaa machoni.

Roho thelathini!

Panya.

Idara nzima ya usalama ilikuwa mbioni kukimbiza panya, mchana kweupe, huku kaka yake mkubwa, fundi umeme aliyemlea tangu wazazi wao wafariki, akishindwa kufunga kifungo cha shati. Kiharusi kilimwangusha kazini. Mkono wa kulia ukagoma, na mpaka leo ulikuwa ukigoma.

Hiace ilikata kona. Nyigu naye akakata.

Asubuhi ile, mtafiti mkuu wa maabara, mama wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza, alimweleza kilichoibwa. Panya wale walikuwa wamesababishiwa kiharusi kwa makusudi, wakadungwa dawa mpya, kisha wakafundishwa kila siku kuchukua punje ya chakula kwa mguu wa mbele uliolegea. Sasa walikuwa wanaweza. Wezi walibeba panya, vichupa vya dawa na video ya mazoezi.

"Watamuuzia nani?" Nyigu aliuliza.

"Yeyote mwenye mgonjwa nyumbani, mwanangu."

Jibu hilo lilimchoma. Akaomba namba ya gari, akaondoka.

Hiace ilijitosa ndani ya bohari la mizigo la uwanja wa ndege. Nje, ndege ndogo ya wanunuzi wa kigeni ilikuwa imeshawasha injini.

Nyigu aliiacha pikipiki. Akachomoa Beretta. Akapenya mlango wa pembeni.

"Mikono juu!"

Dereva aliinua yake haraka. Mwenzake, mlanguzi ambaye idara ilimjua kwa jina la Dalali, hakuinua. Aligeuza kompyuta iliyokuwa mezani. Kwenye kioo, panya alinyoosha mguu, akakosa. Akanyoosha tena. Akadaka punje.

"Mnatuchunguza, nasi tunawachunguza. Nasikia kaka yako anaumwa," alisema Dalali. "Pole sana, dada." Alinyanyua vichupa viwili. "Hivi ni vyake. Wewe geuza shingo tu, ndege iruke."

Bastola haikutikisika.

Moyo ulitikisika. Nyigu aliuona mkono wa kaka yake ukishika koleo, ukikaza waya, ukimpiga begani kwa utani.

"Weka mezani," alisema. Hata yeye hakujua kama anaamuru au anapokea.

Akabonyeza kifaa cha sikioni, akaomba aunganishwe na mtafiti wa maabara. "Mama, unanipata? Nikimpa mtu dawa hii leo, itakuwaje?"

Sauti ya kukwaruza ilijibu kwa swali.

"Mtu wa umri gani?"

"Ana miaka hamsini na nane."

"Usithubutu! Panya wa kwenye video ni vijana. Wazee tuliowadunga walivuja damu kwenye ubongo. Wengi walikufa. Na hata hao vijana, waliodungwa bila kufanyishwa mazoezi hawakupata nafuu."

"Sasa mbona hukuniambia asubuhi?"

"Si ulisema hutaki mhadhara, unataka namba ya gari?"

Kweli tupu. Nyigu alisonya.

"Mbona panya wazee hawamo kwenye video?" alimuuliza Dalali.

Dalali alitabasamu. "Nani atanunua video ya panya aliyekufa?"

Akaingiza mkono ndani ya koti.

Alichelewa. Nyigu aliruka meza, akamchoma shingoni kwa kalamu yake ya kupiga shoti ya umeme. Dalali alidondoka kama gunia. Dereva, bila kuambiwa, akalala kifudifudi kando yake.

"Ndege?" Nyigu aliuliza.

"Imezuiwa," alijibu mkuu wake. "Roho thelathini?"

"Wote wazima. Mmoja amenikojolea."

Aliposhusha matundu ya panya maabara, hakuna aliyepiga makofi. Mtafiti alichungulia panya mmoja baada ya mwingine, kisha akavua miwani.

"Wametikiswa, wameogopeshwa, wamekatishwa mazoezi. Hawa hawatatuambia kitu tena. Tunaanza upya, na safari hii tunaanza na wazee."

"Mpaka lini?"

"Ningejua, mwanangu, ningekuwa nalala."

Jioni Nyigu alipanda ngazi hadi chumbani kwa kaka yake. Alimsimulia yote, hakuficha hata lile la kutaka kuvichukua vichupa.

Kaka alisikiliza hadi mwisho. Mdomo wake bado ulivutwa upande mmoja.

"Kwa hiyo hakuna dawa."

"Kwa sasa hakuna, kaka. Kuna mazoezi."

"Mazoezi! Kila siku mazoezi!" Alipiga meza kwa mkono wa kushoto. Skrubu alizopewa afanyie zoezi ziliruka. "Umewakamata wote, umepongezwa. Na mimi?"

Nyigu aliinama. Aliokota skrubu, akazirudisha mbele yake.

Kaka aliukokota mkono wa kulia juu ya meza. Vidole vilitetemeka. Kimoja kikagusa skrubu. Ikaponyoka, ikagonga sakafu.

"Toka!" alifoka. "Usiniangalie!"

Nyigu alifunga zipu ya jaketi, akatoka, akaurudisha mlango taratibu.

Nyuma yake alisikia tusi. Kisha kiti kikilia, mtu akiinama kwa shida. Kisha skrubu ikidondoka tena, na tusi lingine, kali kuliko la kwanza.

Akashuka ngazi bila haraka.