Gogo Nyuma ya Gurudumu

Kila Jumatatu na Alhamisi Kibwana alipeleka bidhaa Marui kwa lori. Alipakia sukari, chumvi, mafuta ya taa na kanga kwenye ghala la tajiri wake pale Kisarawe, kisha akazigawa katika maduka ya vijijini. Ulikuwa mwaka 1953, enzi za Mwingereza, na madereva walikuwa wachache. Kibwana alijua sana kwamba ni wachache. Kofia yake ya udereva hakuivua hata wakati wa kula.

Mwaka huo tajiri alinunua lori la pili. Akamwambia Kibwana amfundishe mtu mwingine kazi. Kibwana akamchagua Mwinjuma, mume wa dada yake Mwanamkuu. Mwinjuma alikuwa mkulima wa mihogo, mtu mpole, mwenye adabu.

Kuendesha alijifunza upesi. Siku ya mwisho Kibwana alimwonyesha jinsi ya kuegesha. Walikuwa kwenye uwanja wa ghala, ambao ni tambarare kama mkeka.

"Ukisimama, vuta breki ya mkono," Kibwana alisema. "Halafu weka gogo hili nyuma ya gurudumu, lori lisisogee. Umeelewa, shemeji?"

"Nimeelewa, shemeji."

Mwinjuma alikuwa na swali. Alitaka kujua kwa nini gogo likae nyuma. Lakini Kibwana alikuwa mkubwa wake, tena kaka wa mkewe, tena mwalimu wake. Kwao, mkubwa akikufundisha, unasema umeelewa. Ukiuliza tena, ni kama unamwambia hajui kufundisha. Basi akanyamaza, na Kibwana akahesabu kwamba mafunzo yamekwisha.

Alhamisi iliyofuata walikwenda Marui pamoja, Mwinjuma akiendesha. Duka la Bi Biubwa lilikuwa kwenye mteremko. Mwinjuma aliegesha lori likitazama chini. Akavuta breki ya mkono, akashuka, akaweka gogo nyuma ya gurudumu kama alivyofundishwa. Kibwana hakutazama. Alikuwa ameshaingia dukani, na Bi Biubwa alikuwa ameshamimina kahawa.

Mwinjuma alikuwa akishusha gunia la nne la chumvi, lori likaanza kusogea. Breki haikushika. Gogo lilikuwa nyuma, na lori lilikuwa linakwenda mbele. Mwinjuma akatupa gunia, akakimbilia mbele kulizuia kwa mikono, kama mtu anayezuia ng'ombe. Lori likambana mguu kwenye shina la mkorosho.

Kibwana alitoka na kikombe mkononi. Aliliona gogo limebaki peke yake juu ya mteremko, akajua papo hapo. Yeye mwenyewe, akiegesha pale, huliweka mbele. Lakini hakuwahi kumwambia Mwinjuma.

Watu wakakusanyika, wakasaidiana kumtoa majeruhi. "Kumetokea nini?" Bi Biubwa aliuliza.

"Uzembe," Kibwana alisema mbele ya watu wote. "Mimi nilimfundisha vizuri. Hakusikia."

Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili. Kibwana alipokwenda hospitali kumjulia hali, Mwinjuma alijaribu kuinuka kitandani.

"Shemeji, nisamehe. Nimekuaibisha kwa tajiri wako."

Hapo Kibwana angeweza kusema kweli. Walikuwa wawili tu. Lakini aliirekebisha kofia yake kichwani.

"Nimekusamehe," alisema.

Naandika maneno hayo nikiona haya mimi, ambaye sikuwapo.

Tajiri akamwondoa Mwinjuma kazini. Jina la mzembe likamfuata mpaka sokoni. Mkewe alipopita, watu walinong'ona.

Baada ya miezi miwili tajiri alitaka dereva mwingine. Safari hii alimwita kwanza Mzee Shomari wa Mlandizi, aliyebeba mawe ya barabara kwa lori miaka mingi na kufundisha madereva wengi. Alitaka aone mafunzo ya pale ghalani yakoje.

"Shikamoo, Mzee Shomari," Kibwana alisema.

"Marahaba. Nifundishe kuegesha. Mimi leo ndiye Mwinjuma. Usiongeze neno, usipunguze."

Kibwana akaeleza yote, pale pale uwanjani. Mzee akalishika gogo.

"Umeniambia niliweke wapi?"

"Nyuma."

"Na Mwinjuma kule Marui aliliweka wapi?"

Kibwana alitazama chini. "Nyuma," alisema polepole.

"Basi alisikia vizuri sana."

"Lakini nilimuuliza kama ameelewa. Akasema ameelewa."

"Nani atamjibu shemeji yake hapana?" Mzee aliuliza. "Usimuulize. Mpeleke kwenye mteremko wenyewe. Mpe sababu: lori hukimbilia chini, basi gogo likae upande wa chini. Halafu nyamaza, afanye yeye, wewe tazama. Akikosea, akosee mbele yako. Na wewe mkubwa ndiye umwambie kwamba kuuliza si ujinga, maana bila ruhusa yako hatauliza. Mwambie pia kwamba lori likisogea, mtu akae mbali. Chuma hakizuiwi kwa mikono. Na breki isiyoshika iende kwa fundi kabla lori halijatoka."

Jioni ile Kibwana alikwenda kwa Mwinjuma. Mwanamkuu alikuwa barazani akimenya mihogo, na Mwinjuma kando yake, mguu ameunyosha. Kibwana akavua kofia.

"Shemeji, kosa halikuwa lako. Ni langu. Mimi sikukufundisha, na nililijua siku ile ile."

Mwanamkuu akaweka kisu chini. "Siku ile ile, kaka?"

"Siku ile ile."

"Akakuomba msamaha, na wewe ukampa."

Kibwana hakuweza kumtazama dada yake. Aliona haya hadi masikio yakawaka moto.

"Nimesikia, shemeji," Mwinjuma alisema. "Lakini uliyoyasema Marui, kayafute huko huko Marui."

Alhamisi Kibwana alisimama mbele ya duka la Bi Biubwa, kofia mkononi, akawaambia watu alivyosema uongo. Hakuna aliyemfariji. Kisha akamweleza tajiri pia, na tajiri akamrudisha Mwinjuma kazini. Mguu uliopinda haukuweza tena kukanyaga breki. Akapewa kazi ya kusimamia mafunzo.

Dereva mpya aliitwa Hemedi, mtu wa Gwata. Breki zilitengenezwa kwanza. Kisha wote watatu wakaenda kwenye mteremko wa Marui. Mwinjuma akakaa pembeni kwenye kigoda, fimbo mapajani. Hemedi akaegesha lori likitazama chini. Kibwana akaeleza yote, na mwisho maneno yakamtoka kwa mazoea.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa, bwana," Hemedi alijibu haraka.

"Hata mimi nilisema hivyo," Mwinjuma alisema. "Tuonyeshe."

Hemedi akachukua gogo, akaliweka upande wa chini. Kisha akasita.

"Samahani, nina swali. Nikiegesha likitazama juu, je?"

"Litataka kukimbilia wapi?" Mwinjuma aliuliza.

"Nyuma."

"Basi umejijibu."

Tangu siku hiyo hakuna lori la ghala lile lililoponyoka tena. Lakini siku yenyewe, somo lilipokwisha, Bi Biubwa alitoka akamwita Kibwana kwenye kahawa. Kibwana aliinama kwanza, akalisukuma gogo kwa mguu kuona kama limeshika. Kisha akampa Mwinjuma bega, wakapanda taratibu kwenda dukani kwa mwendo wa mguu ule mbovu. Walipofika, kahawa ilikuwa imepoa. Kibwana akainywa hivyo hivyo.