Kibao Cheupe cha Shangazi Nasriya

Kila Alkhamisi, siku ya mapumziko ambayo watu wengi wa Maskati hujilaza majumbani mwao, Wijdan alikuwa wa kwanza kuamka katika nyumba yao ya Hail. Alijaza maji chupa mbili, akavaa kofia, kisha akakaa mlangoni kumsubiri Shangazi Nasriya. Mwambie asubiri ndani penye kiyoyozi uone! Hakubali ng'o. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, lakini tangu Januari ya mwaka ule wa 2006 alikuwa msaidizi wa mtafiti, na cheo hicho alikipenda kuliko sikukuu.

Shangazi alikuwa akichunguza msitu wa mikoko ulio karibu na bahari. Alikuwa na chombo cha kupimia mwanga, kilichounganishwa kwa waya na kompyuta ndogo.

"Jani halili mwanga wote, mwanangu," alimweleza siku ya kwanza. "Mwingine linaula, mwingine linaurudisha. Chombo hiki kinausoma ule unaorudi, nasi tunajua kama jani linajitengenezea chakula kwa bidii au limepunguza kazi. Huo ndio usanisinuru mnaosoma skuli."

"Lakini Shangazi, mikoko ni kijani mwaka mzima!"

"Hapo ndipo penye utamu wake! Jicho linaona kijani kile kile. Chombo kinaona zaidi."

Kabla ya kupima majani, chombo kilielekezwa kwanza kwenye kibao kidogo, cheupe pe, kinachorudisha karibu mwanga wote. Majani yote yalilinganishwa na kibao hicho. Kukitunza ilikuwa kazi ya Wijdan, nacho kililala ndani ya kisanduku chumbani kwake. Amri ilikuwa moja: kisiguswe kwa vidole, kisije kikachafuka.

Sasa sikiliza alivyofanya. Jumatano moja ya mwezi wa Juni, Bibi Nunu, mama yake Shangazi, alikuwa uani akifukiza nguo za harusi. Chetezo chenye makaa na udi kilikuwa chini, kitundu cha miti, mfano wa tenga dogo, juu yake, na nguo juu ya kitundu, moshi wa udi ukizipanda taratibu. Bibi alizaliwa Unguja, na kwake yeye kitu cha heshima hakitoki nyumbani bila ya kufukizwa. Wijdan akafikiri: kuna kitu gani cha heshima kupita kibao cha Shangazi? Bibi alipoingia ndani na nguo zake, Wijdan akakitoa kibao kwa kitambaa safi, bila ya kukigusa hata kwa ukucha, akakilaza juu ya kitundu mpaka makaa yakazimika. Alijiona hodari kweli kweli!

Kesho yake, saa sita mchana, walikuwa msituni. Jua lilikuwa kali hata macho yakauma, wala hakuna aliyekitazama kibao sawasawa. Wakapima mkoko wa kwanza, wa pili, mpaka wa arubaini. Mara Shangazi akapiga ukelele ndege wakaruka.

"Mashaallah! Wijdan, njoo uone! Namba zimepanda kupita zile tulizopima Machi! Katika joto hili nilitaraji zishuke, kumbe mikoko yetu inazidisha kazi! Jumamosi nnawaonyesha wale wageni wanaokuja ofisini kusikiliza utafiti wetu. Hakuna aliyewahi kuniambia jambo kama hili!"

Wakacheka, wakashikana mikono, wakarukaruka kwenye matope kama wendawazimu. Njia nzima ya kurudi nyumbani Shangazi alikuwa akiimba.

Alasiri Wijdan alikifungua kisanduku ili kukipangusa vumbi. Akakiweka kibao juu ya daftari lake. Karatasi ilikuwa nyeupe. Kibao kilikuwa na umanjano, kama kitambaa kilichomwagikiwa chai. Akakinusa. Udi!

Alijua mara moja. Ikiwa kibao kimebadilika rangi, basi namba zote arubaini ni za uongo. Akisema, furaha ya Shangazi imekwisha, na pengine hatamchukua tena msituni. Akinyamaza, Jumamosi Shangazi atasimama mbele ya watu na kusema jambo lisilo kweli, bila ya kujua. Nani atagundua? Harufu itatoka, mambo yatapita. Lakini kila alipomfikiria Shangazi akisema mbele ya wageni, aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

Akakichukua kisanduku, akaenda ukumbini.

"Shangazi, nisamehe. Jana nilikifukiza kibao."

Shangazi alikuwa akinywa kahawa na Bibi. Kikombe kikabaki hewani.

"Umekifanya nini?"

"Nilitaka kinukie."

"Mikoko arubaini, Wijdan! Na jua lote lile!" Shangazi alikasirika, na alikuwa na haki. Machozi yakamtoka Wijdan.

"Udi wangu wa harusi huo, ghali," akanong'ona Bibi. "Unachafua?"

Shangazi akamtazama mama yake, kisha kibao, kisha akacheka bila ya kutaka. "Wallahi nyie! Haya, nipe msasa laini. Kibao hiki husuguliwa chini ya maji, weupe wake ukarudi. Na kesho saa sita tunapima tena mikoko yote arubaini. Wewe ndiye utakayebeba kila kitu."

Ijumaa mchana Wijdan alibeba chombo, kompyuta, kisanduku na chupa, jasho likimtiririka. Mkoko wa kwanza ukapimwa. Namba ikashuka. Wa pili, ikashuka. Walipomaliza, Shangazi akaweka namba za Machi pembeni mwa zile za siku ile, kisha akamvuta Wijdan karibu.

"Tazama, mwanangu! Majani ni mabichi, kijani tele, lakini ndani yamepunguza kazi ili joto lisiyaunguze. Hakuna jicho linaloweza kuliona hilo, na sisi tumeliona!"

"Kwa hivyo Jumamosi una la kuwaambia?" Wijdan aliuliza, akiruka juu.

"Ninalo, na ni la kweli." Shangazi akamshika bega. "Kukosea kila mtafiti hukosea, hata mimi. Ukiona umekosea, sema siku ile ile, hata kama itakuuma. Kibao tumekisugua kikasafika. Uongo nikishawaambia watu, nitausugua na nini? Sasa funga kisanduku, na Alkhamisi ijayo usichelewe."